Tinti ya vioo vya mbele: iwekwe namba moja kwa wote, au kila mtu na gari lake?

Mwana wa Tudor (mwenye mada)

Hamjambo wanajamvi. Gari langu limetoka bandarini juzi, Fielder iliyotumika Japani, na limekuja kama yajavyo mengi ya kule: vioo vya nyuma vyeusi, vya mbele vyeupe. Si bahati. Sheria ya Japani inataka kioo kikubwa cha mbele na vile vya milango miwili ya mbele vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70. Ukishapita bega la dereva kurudi nyuma, tia giza utakalo.

Nikalipeleka kwa fundi. Hakuuliza natembea mchana au usiku, hakuuliza nani anapanda. "Nikutie ngapi, bosi? Thelathini na tano, ishirini, tano?" Vijana waliokaa pale kwenye benchi wakamjibia: tano, tano. Nikamwambia asubiri kwanza.

Kwa asiyejua hesabu hii, namba ni mwanga unaopita, si giza. Tano ndiyo nyeusi tititi, sabini karibu huioni. Halafu namba ya kwenye boksi siyo utakayobaki nayo, maana kioo chenyewe nacho hula mwanga wake. Kioo kinachopitisha 75 ukikibandika karatasi ya tinti ya 35, unabaki na 26. Na kile cheusi cha nyuma, tuseme kinapitisha 25, ukiongeza 35 juu yake hufiki hata 9. Wapo wanaotembea na 9 humu mjini wakiapa ni 35.

Msimamo wangu huu hapa, muuchambue. Vioo vya mbele visiwe chini ya 70 kwa kila gari: la mtu binafsi, la kampuni, na la namba za GK, yaani la serikali. Polisi apime kwa kifaa, asipime kwa kukunja uso. Nyuma kila mtu na lake.

Kaskazi Kali

Ushaanza uzungu. Mwenye gari ni wewe, mwenye jua ni Mungu, tia tano ulale. Unaishi Mombasa au Limuru? Egesha gari Marikiti mwezi wa pili saa saba mchana, kisha rudi ushike usukani kwa mkono mtupu. Ndipo uniletee habari za Japani.

Fundi Kioo

Kazi yangu ni hiyo ya kubandika, kwa hivyo mkisema najipigia debe sitakataa. Kaskazi, joto na giza ni vitu viwili. Karibu nusu ya nguvu ya jua inayotufikia ni mionzi ya infraredi, na hiyo jicho haliioni. Karatasi rahisi ya rangi inakata zaidi ule mwanga unaouona, kwa hivyo unakaa gizani na joto lako. Yenyewe inanyonya jua, kioo kinapata moto, na sehemu ya moto huo inakurudia ndani. Ikishachomwa na jua letu muda kidogo inageuka zambarau na kutoa mapovu. Mmeziona, zimejaa barabarani.

Karatasi ya seramiki unaweza kuitia ya 70, kioo kikabaki cheupe, na ikazuia joto sawa na ile tano ya bei ya chini au kuipita. Usitazame weusi, tazama herufi nne kwenye boksi, TSER. Hiyo ni asilimia ya nishati yote ya jua inayozuiwa. Na kwa kuwa boksi huandikwa chochote siku hizi, mwambie fundi awashe taa ya joto, ashike kipande cha karatasi mbele yake, nawe weka kiganja nyuma. Weka kwanza nyuma ya karatasi nyeusi ya rangi, kisha nyuma ya seramiki. Kiganja hakidanganywi. Fundi akikataa jaribio hilo, ondoka.

Ubaya wa seramiki ni bei, na hapo ndipo tano inapotushinda sote. Kuna pia karatasi yenye madini ndani, inazuia joto vizuri ila yaweza kusumbua simu na GPS.

Mama wa Zamu

Nyinyi mnaongea joto tu. Mimi natoka kazini Mtwapa saa nne usiku, narudi Mikindani peke yangu. Kwenye matuta, kwenye foleni ya Kongowea, kupanda daraja la Nyali, anayepita na pikipiki anachungulia: nani yumo, simu iko wapi, huyu mwanamke yuko na mtu au yuko peke yake? Kukiwa na tinti hajui. Hiyo asilimia 70 yenu ni mwanga wa kumwonyesha yeye mkoba wangu. Nani kati yenu wanaume ameshafuatwa kutoka Bamburi mpaka mlangoni kwake? Leteni kifaa cha kupimia hilo.

Kaskazi Kali

Dada umemaliza. Mada ifungwe.

Tuktuk Kisauni

Haifungwi. Mimi sina mlango, sembuse kioo. Pale mzunguko wa Makupa riziki yangu iko kwenye macho ya dereva. Nikiona kanitazama, napita. Nikiona kainamia simu, nangoja. Gari la tinti ya tano silisomi, najiona mwenyewe tu nimeng'aa kwenye kioo. Waulizeni na wasukuma mikokoteni wa Kongowea, na watoto wa madrasa wanaovuka jioni. Wewe ndani ya kiza chako unaponipungia mkono nipite, unampungia nani? Tukigongana utasema tuktuk hana adabu.

Na usiku wa masika, mvua inanyesha na taa za barabarani zimezima, mwenye tinti hufanya nini? Anashusha kioo, anatoa kichwa nje aone pembeni. Simu si ndiyo inanyakuliwa hapo hapo?

Mama wa Zamu

La kutoa kichwa ni kweli, mume wangu hufanya hivyo kila akirudi nyuma. Lakini bado hujanijibu, kaka. Wewe wahofia kutoonekana, mimi nahofia kuonekana. Kwa nini hofu yako iwe sheria na yangu iwe kiburi?

Fundi Kioo

Mama, nina jibu la nusu. Kuna karatasi nene ya usalama isiyo na rangi. Kioo cha mlango kikipigwa humwagika punje punje, mkono unaingia mara moja. Kikiwa na karatasi ile, punje zinabaki zimeshikana, mwizi anahangaika, nawe unapata nafasi ya kukanyaga mafuta. Ila jua upande wa pili wake: siku ukitaka kutoka wewe, kioo hicho hicho kitakuchelewesha. Tangu gari lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni Septemba 2019, wateja huniuliza sana habari hii. Nawaambia ukiwa kwenye feri shusha vioo, iwe una tinti au huna.

Mama Pacha

Naomba kuingilia. Mmoja wa wanangu ana ualbino. Daktari wa ngozi alituambia akingwe na jua hata ndani ya gari. Mimi sihitaji uzuri wala siri, nahitaji giza. Sasa mkiweka hiyo 70, mtoto akitaka kukaa mbele nimfunike shuka?

Fundi Kioo

Hapana, mamangu, na hili wengi hawalijui. Kinachomuunguza ni mionzi ya UV, nayo haina uhusiano na weusi. Karatasi nyeupe kabisa iliyo bora huzuia hadi asilimia 99 ya UV. Kioo kikubwa cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zenye plastiki katikati, kwa hivyo tayari kinazuia sehemu kubwa. Vioo vya milango ndivyo hupitisha, hivyo anza na hivyo. Kofia na mafuta ya ngozi aendelee navyo. Na ukishabandikiwa usishushe vioo siku chache za mwanzo hata ukiona ukungu na vitone vya maji. Vitakauka vyenyewe. Wateja hushusha siku hiyo hiyo, wakarudi na karatasi imekunjika pembe, halafu fundi ndiye mbaya.

Mzee wa Majengo

Vijana, mmeruka jambo. Mei 2014 guruneti lilirushwa Mwembe Tayari, kesho yake mabasi yakalipuliwa Thika Road kule Nairobi, na serikali ikageukia vioo: matatu zikaamriwa zitoe tinti. Tukaambiwa giza ni la magaidi. Haya. Lakini hapa Pwani, ni wangapi wameingizwa kwenye gari la vioo vyeusi mchana kweupe wasionekane tena? Mashirika ya haki za binadamu, Haki Africa na MUHURI, wameandika visa vya watu kupotezwa miaka nenda, miaka rudi. Shahidi huulizwa walikuwa wangapi, dereva alikuwa vipi. Hujibu hakuona, kioo kilikuwa cheusi.

Sasa tungeni namba yenu. Atakayesimamishwa pale Buxton ni mwalimu na Vitz yake. Lile gari lingine litapigiwa saluti. Mimi naikubali namba siku itakapoanza na wao.

Mwana wa Tudor (mwenye mada)

Mzee, shikamoo. Ndiyo maana GK niliitaja juu kabisa kabla hujafika, na gari lisilo na GK linalofanya kazi ya GK ndilo hasa ninalolilenga. Ila fikiri hivi: bila namba mwananchi ana nini cha kubishia? Leo tinti "imezidi" au "haijazidi" kufuatana na uso wa afande na saa ya mwisho wa mwezi. Kifaa chenyewe ni kidogo, vipande viwili unavibana huku na huku ya kioo, kinasoma namba, basi. Uingereza wanacho, na kiwango chao ni 75 kwa kioo kikubwa na 70 kwa milango ya mbele. Nyuma hawagusi. Ikisoma 71, afande anakurudishia leseni na mjadala umekwisha. Ikisoma 20 kwenye gari la mkubwa, mpiga picha yeyote anaweza kuirusha mitandaoni, na hiyo tu ni hatua.

Karani wa Bandarini

Nina la kuongeza kuhusu vya nyuma. Ule weusi wa kiwandani uko ndani ya kioo chenyewe, si karatasi. Mteja wangu mmoja alisimamishwa akaambiwa aibandue. Akatoa wembe kwenye dashibodi, akampa afande kwa adabu, "Nisaidie, mkuu, mimi nimeshindwa." Wakacheka, wakaachana.

Lakini weusi huo usiwadanganye. Kwa joto haufanyi kazi ya karatasi nzuri, watoto nyuma wanaokwa gizani. Mkitaka waburudike, juu yake bandikeni karatasi nyeupe ya joto, msiongeze nyeusi. Na kioo cha nyuma kabisa, chenye zile laini nyembamba za kuondoa ukungu, msiruhusu mtu aking'oe tinti ya zamani kwa pupa. Laini hung'oka nayo, na hakuna wa kukuunganishia tena vizuri.

Kaskazi Kali

Sawa, mmenizunguka. Lakini 70 bado ni ya Japani. Imarati joto lao linatupita, na tangu 2017 wameruhusu vioo vya pembeni hadi nusu, yaani 50. Waislamu wenzetu, wake zao ndani ya magari, jua kama letu na zaidi. Mbona tuige Tokyo tukiwa na Dubai hapo ng'ambo?

Mama wa Zamu

Kwa 50 nitazungumza. Usiku wa Kongowea 50 si ukuta, lakini anayechungulia itabidi asogee, na akisogea nimemwona. Mkoba nitautupa nyuma kwenye giza la Mjapani. Sabini sitaki kuisikia.

Mwana wa Tudor (mwenye mada)

Basi kwa milango ya mbele nashuka hadi 50, kioo kikubwa kibaki 70 na karatasi iwe nyeupe ya joto. Kipimo kifanywe baada ya kubandika, kioo na karatasi pamoja, sio namba ya boksi. Kwa hiyo Fundi, karatasi ya 50 juu ya kioo cha 75 itanitoa 37, nitakuwa nimevunja sheria yangu mwenyewe. Nahitaji ya 70, sivyo?

Fundi Kioo

Sabini mara sabini na tano, unabaki 52. Umepita kwa pua. Njoo asubuhi mapema kabla vumbi halijaamka, chembe moja ikiingia chini ya karatasi utaiona mpaka uliuze gari.

Mzee wa Majengo

Mimi nimebaki nilipokuwa. Waanze wao.

Tuktuk Kisauni

Hiyo 52 siijui kwa hesabu. Ipitishe Makupa saa kumi na mbili jioni, uniashirie. Nikiona mkono wako, nitakubali. Nisipouona, napiga honi mpaka ushushe kioo.