DJ umekata sehemu ya Worf halafu unatuuzia kama episodi nzima? Hii si haki kabisa!

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Kuna DJ mmoja wa kutafsiri muvi, jina lake naliacha, ameanza kutoa sizoni za zamani za Star Trek: The Next Generation, ile tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga za juu, kwa Kiswahili. Niliposikia nilifurahi mno, maana watu wa mtaani kwetu Tandika nimewapigia sana debe la hii kitu, ila wengi Kiingereza kinawakwamisha. Nikaenda Kariakoo, nikanunua, nikampelekea flashi mwenye kibanda umiza. Tukaanza na "The Enemy" ya sizoni ya 3, ya mwaka 1989. Kwangu mimi, kwa hadithi za maadui wanaolazimika kushirikiana, hakuna iliyoifikia.

Kwa ambao hawajaiona: Geordi La Forge, injinia mkuu wa chombo cha anga kiitwacho Enterprise, anabaki peke yake kwenye sayari ya Galorndon Core. Dhoruba za kule hazimruhusu kurudishwa chomboni. Anatekwa na askari wa Kiromula (Waromula ni dola adui ya watu wa Enterprise), Bochra. Geordi ni kipofu wa kuzaliwa, anaona kwa kifaa anachovaa machoni. Sasa hali ya ile sayari inakula mishipa ya fahamu: kifaa cha Geordi kinazima, miguu ya Bochra inakufa ganzi. Wasiposaidiana wanakufa wote wawili. Inabidi kile kifaa kiunganishwe na kipimo cha mkononi ili wafuate mawimbi ya nyutrino yaliyorushwa kutoka juu. Mikono ni ya Geordi, macho ni ya Bochra.

Kabla ya hapo kuna mazungumzo ambayo kila nikiyaona nasisimka. Bochra anagundua kwamba mwenzake alizaliwa haoni, anamuuliza wazazi wake waliwezaje kumwacha aishi. Anamaanisha kabisa! Kwao mtoto wa namna hiyo ni hasara. Na dakika chache baadaye uhai wa huyo muulizaji unategemea mikono ya huyohuyo kipofu. Unajua DJ kafanya nini hapo? Kapachika tangazo la duka lake. Sauti ya Geordi haisikiki hata kidogo, tunaambiwa tukanunue memori kadi. Kisha hao wawili wakishaanza kutembea, anatutangazia "sasa wameshakuwa mabesti". Mabesti wapi? Bochra hajampenda mtu. Anataka kuishi, na kwa askari aliyefundishwa kufa kwa ajili ya dola yake, kukubali hilo tu ni mzigo mkubwa.

Hilo ningelimeza. Nisiloweza kulimeza ni sehemu ya Worf, afisa wa Enterprise ambaye ni Mklingoni, jamii nyingine ya anga za juu.

Juu kwenye Enterprise kuna Mromula wa pili, Patahk, kaletwa akiwa mahututi. Anahitaji kuongezewa chembechembe kutoka kwenye mwili wa mtu anayeendana naye, na chombo kizima ni Worf peke yake. Wazazi wa Worf waliuawa na Waromula kule Khitomer. Daktari anambembeleza. Picard, kapteni wa chombo, naye anamwomba, lakini anakataa kumpa amri. Patahk mwenyewe anasema bora afe kuliko kuchanganywa na uchafu wa Kiklingoni. Worf anakataa, na yule mtu anakufa.

YOTE HAYO YAMEKATWA. Nahisi DJ kaona stelingi hawezi kumwacha mgonjwa afe, watazamaji watanuna. Wanune! Hadithi imepangwa hivyo makusudi: chini maadui wawili wanasaidiana, juu mtu tunayempenda anagoma, na hakuna anayekuja kutuambia yupi tumlaumu. Ukiondoa upande mmoja unabaki na watu wawili wanaotembea kwenye mvua na radi.

Na inaharibu mpaka mwisho. Kamanda Tomalak wa Waromula anapofika na meli yake ya kivita, ana hasira kwa sababu mtu wake kafia mikononi mwa Enterprise. Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele akanigeukia: "Mwanangu, huyu naye anadai nini?" Nikaanza kumsimulia kwa mdomo vitu ambavyo alipaswa kuviona mwenyewe, huku Picard anashusha ngao mbele ya silaha za adui ili awanyanyue Geordi na Bochra. Pale ndipo watu hushika vichwa, kwa sababu Mromula mmoja ameshakufa na huyu wa pili akionekana mzima ndiyo pona ya wote. Kibandani watu walikuwa wanachezea simu.

Msinijibu eti "ni burudani tu mkuu". Watu wa Tandika wametoa hela yao kama watu wengine. Wana akili ya kumtazama Worf akikataa na kubishana juu yake mpaka usiku.

DJ, najua unapita humu. Itoe upya, nzima, na matangazo yako yaweke mwanzoni. Nanyi mnaoiuza Kariakoo, mteja akiuliza mwambieni kabla hajalipa kwamba Patahk hayumo.