Ushauri wakuu: nawaelezeaje wakulima wa korosho siasa za uhuru wa mtu na soko?

Kijana wa Masasi
Wakuu habari za jioni. Nipo Masasi, nataka kuingia kwenye siasa kuanzia ngazi ya kata na msimamo wangu ni ule uliberali wa asili, yani serikali iwe na mipaka, sheria imbane hata mkubwa, mkulima amuuzie anayemtaka na mtu aseme anachoamini bila kuogopa. Haya mambo nayaamini kabisa, sio ya kuombea kura tu. Shida nikiongea uhuru wa mtu binafsi kijiweni wazee wananitazama tu, mmoja akaniuliza kwa hiyo unatuletea mabepari? Nianzie wapi?

Mchopa_wa_Kusini
Achana na falsafa mkuu, mfano umeukalia. 2018 wanunuzi walileta bei ndogo mnadani wakulima wakagoma, serikali ikatangaza inanunua korosho zote kwa 3,300 kilo, magari ya jeshi yakaja kubeba. Watu walishangilia na sikatai, bei ilikuwa nzuri. Sasa waulize hao wazee nani alichelewa kulipwa, nani alisubiri uhakiki wa shamba kwanza asije akawa ni kangomba, yani mlanguzi aliyenunua korosho za wenzake kwa bei ya chini. Usihubiri, uliza tu. Mnunuzi akiwa mmoja na huyohuyo ndo mwenye polisi, akikucheleweshea hela yako unamshtaki wapi?

Bi Newala
Mimi sikubaliani na nyie. Soko huria tulishalionja miaka ya 90, wanunuzi binafsi walikuwa wanapanga bei wenyewe kwa wenyewe wanakuja na mizani yao, ndo maana 2007 stakabadhi ghalani ikaletwa, korosho zikusanywe ghalani ziuzwe kwa mnada. Viwanda vya kubangua vikauzwa halafu vingine vikageuzwa maghala, mama zetu wakakosa kazi. Ukimwambia mtu wa huku soko litajipanga lenyewe humpati ng'o.

Kijana wa Masasi
Bi Newala heshima yako, hayo machungu nayajua, hata nyumbani yapo. Ila wanunuzi kukaa chumbani wakapanga bei huo sio uhuru wa soko, ni kuua ushindani, na kiwanda cha umma kuuzwa bila mwananchi kujua masharti ndo hicho hicho ninachokipinga, mkubwa kuamua peke yake. Nikiwajibu hivyo wazee watanielewa?

Mzee Kipara
Wajibu hivyo hivyo mwanangu, na usiwaruke wenye hasira na miaka ya 90, wana haki yao. Ila wakumbushe na kabla ya hapo. Mwanzoni mwa 80 tulipanga foleni ya sukari na sabuni, 1983 ikaja ile kamatakamata ya wahujumu uchumi, mtu na kiduka chake anaficha katoni za sabuni kama bangi. Mwinyi alivyoingia 85 akafungulia bidhaa watu wakamwita Mzee Ruksa, hakuna aliyesomewa kitabu, waliona vitu dukani wakaelewa. Halafu mtazame Mtei, aliachia uwaziri wa fedha 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu mambo ya IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, 1992 akawa mwasisi wa CHADEMA, lakini chama kilikuja kushika watu wa kawaida baadae, katibu mkuu wake Slaa alivyosoma orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga, Dar, 2007. Watu wanaamka ukiwaambia hela yao iko wapi.

Mlinganyo
Naongezea kwa Mzee. Uingereza kulikuwa na sheria za kuzuia nafaka ya nje, mkate ukawa ghali kwa faida ya wenye mashamba. Wenye viwanda Cobden na Bright na wenzao wakaanzisha umoja wa kuzipinga Manchester 1838, walizunguka wakionyesha mkate mkubwa na mkate mdogo, huu wa biashara huria huu wa ushuru. 1846 bunge likazifuta hizo sheria. Kwako wewe mkate ni ile karatasi ya malipo ya AMCOS, chama chenu cha ushirika cha msingi. Isome mbele ya watu, makato mstari kwa mstari, uliza kila kato aliamua nani na mkulima aliulizwa lini. Akisema mtu huu ni uchochezi mwonyeshe katiba ibara ya 18 na ya 24, kusema na kumiliki mali ni haki yake.

Bi Newala
Hapo kwenye makato nipo na wewe. Kwenye kuondoa mnada bado.

Kijana wa Masasi
Sawa dada, la mnada tutaendelea kubishana, naanza na makato. Mwenye karatasi yake ya malipo ya msimu uliopita afute jina na namba ya akaunti anitumie PM, nataka nilinganishe AMCOS kadhaa kabla ya mkutano wa kijiji.