Kutofautisha sato, perege na furu katika fungu moja, na namna ya kuwapika

Mnunuzi wa Mwaloni

Ndugu zangu mnaowafahamu samaki wa Ziwa Victoria, naomba msaada. Samaki wadogo wanaouzwa kwa mafungu huitwa sato wote bila kubaguliwa, lakini nikiwapanga kwenye sinia naona si wa aina moja: wengine wana mistari mkiani, wengine tumbo lina wekundu, na hapo katikati hujichanganya vijisamaki vyenye madoa ya njano kwenye pezi la chini. Nikiwakaanga pamoja, baadhi huwa watamu, baadhi hunuka tope, na yuko mwingine mwenye mifupa kama nyuzi ambaye siwezi kumpa mtoto. Isitoshe, juzi nilikuta chembe za njano chini ya ngozi, karibu na mashavu. Je, nimtambue kila mmoja kwa alama gani, na samaki mwenye chembe hizo analika?

Mzee wa Nyavu

Anza na mkia, wala usihangaike na rangi ya mwili, maana rangi hubadilika kufuatana na maji, msimu wa kuzaliana na hata muda ambao samaki amekaa juani. Sato halisi, Oreochromis niloticus, ana mistari myembamba iliyosimama na kupangana sawasawa katika pezi lote la mkia. Ukilikunjua kwa vidole na kulielekeza kwenye mwanga utaiona, hata kama samaki ameshapauka. Perege mwenye tumbo jekundu, Coptodon zillii, hana mistari ya namna hiyo, bali ana doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, pale miiba inapoishia na sehemu laini inapoanza. Lakini vifaranga vya sato navyo huwa na doa hilo kabla ya kukua, kwa hiyo lisikudanganye kwa samaki mdogo sana, ambaye kwa kweli hakupaswa kufika kwenye sinia lako, kwani kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua sato asiyefikia sentimita 25.

Hawa wawili waliletwa ziwani katika miaka ya 1950. Samaki wenyeji wa jamii yao waliokuwapo kabla yao, yaani ngege na mbiru, wamekuwa adimu mno. Hao wadogo wenye madoa ya njano ni furu madume.

Mpishi Mtulivu

Naongezea kuhusu harufu ya tope, ambayo wengi huidhania kuwa ni uchafu wa samaki au uvivu wa mwoshaji. Harufu hiyo inatokana hasa na kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wanaostawi kwenye maji yaliyotulia na kugeuka kijani. Samaki huivuta kupitia mashavu, nayo hujikusanya kwenye mafuta ya mwili. Ndiyo maana kuosha kwa maji peke yake hakusaidii. Toa ngozi, ondoa utando mweusi wa ndani ya tumbo na mafuta yake, kisha kata ule ukanda wa mnofu mweusi unaopita ubavuni. Ndimu au siki nayo huivunja jeosmini, ila sikubaliani na wanaowalaza samaki kwenye ndimu usiku kucha, kwa sababu mnofu wa nje hupauka, hulegea na kumomonyoka ukigusa mafuta. Robo saa inatosha kabisa.

Kwa upande wa upishi, sato mnene mchanje ubavuni, mkaushe vizuri kwa kitambaa na umtie kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto, wala usimgeuze mpaka aachie karai mwenyewe. Perege mwembamba namwona anafaa zaidi kwa mchuzi. Furu kaanga mpaka wakauke.

Mwanafunzi wa Mifugo

Kuhusu chembe za njano, yaelekea ni viluwiluwi vya minyoo aina ya Clinostomum. Minyoo hiyo hukomaa ndani ya ndege wanaokula samaki, mayai yake huangukia majini, huingia kwa konokono na baadaye kwa samaki. Binadamu huambukizwa akila samaki mbichi au asiyeiva. Zikiwa chache, zitoe kwa ncha ya kisu na umpike samaki mpaka mnofu uache kung'aa na uchambuke hadi mfupani, yaani joto la ndani lifikie nyuzi 63 za Selsiasi. Zikiwa zimetapakaa mwili mzima, mimi ningemwacha, si kwa kuogopa sumu bali kwa kinyaa.

Mnunuzi wa Mwaloni

Ahsanteni sana. Na huyu wa mifupa kama nyuzi, naye ni perege?

Mzee wa Nyavu

Hapana. Sato, perege na furu hawana mifupa ya namna hiyo iliyojificha ndani ya mnofu. Mtazame vizuri: kama pezi lake la mgongoni ni moja fupi lisilo na safu ya miiba, na mdomo umeelekea chini wenye midomo minene, huyo ni ningu au ndugu yake. Mchanje kwa mistari iliyokaribiana sana, kisu kikate mifupa bila kufika uti wa mgongo, kisha umkaange hadi awe mkavu. Vipande hivyo vidogo vya mifupa huiva na kutafunika. Mtoto, hata hivyo, mpe sato.