Mwenye nyumba katupa wiki mbili tutoke

> Asalaam aleikum ndugu zangu. Tupo Reading, Uingereza, mimi, mume na watoto wawili. Tumepanga kwa mtu binafsi, huu ni mwezi wa nane tangu tuingie, kodi hatudaiwi. Jana kaleta barua: anauza nyumba, tutoke ndani ya wiki mbili, la sivyo anabadilisha vitasa. Nasikia haki za binadamu zinatulinda kwa sababu ya watoto. Ni kweli?

Waaleikum salaam dada. Usifungashe kitu, na ufunguo usimpe. Barua yake si amri ya mahakama. Kwa sheria ya 1977, kumfungia nje mpangaji kama wewe bila amri hiyo ni kosa la jinai. Wa kukutoa ni madalali wa mahakama tu, baada ya hakimu kuamua. Hata viza yako ikiwa haikuruhusu misaada ya serikali, ulinzi huu unao.

Tena kwa sheria mpya ya wapangaji ya 2025, inayotumika England tangu 1 Mei 2026, anayetaka kuuza lazima atoe notisi ya miezi 4, nayo haiwezi kuisha kabla hujatimiza mwaka ndani ya nyumba.

Haki za binadamu usizitegemee sana hapa. Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya kinaheshimu makazi ya mtu, na mwaka 2010, katika kesi ya Pinnock, Mahakama ya Juu ilikubali mpangaji wa kaunsili (halmashauri ya mji) amwombe hakimu apime kama kumtoa ni haki. Lakini 2016 ilimkatalia hoja hiyo mpangaji wa nyumba binafsi, mwanamke mgonjwa wa akili ambaye wazazi wake walinunua nyumba kwa mkopo wakampangisha, kisha wakashindwa kulipa. Iliniuma kuisoma. Basi shika utaratibu, ndiyo ngao yako.

Nasema haya kwa uchungu. Mwaka 2019 nilitoka kwa barua tu, kwa woga. Nilipokwenda kaunsili kuomba makazi nikaambiwa nimejikosesha nyumba mwenyewe. Tukalala sebuleni kwa shemeji miezi mitatu.

Barua itunze, mjibu kwa maandishi, wapigie Shelter, shirika la hisani la mambo ya makazi, ushauri wao ni bure. Akigusa kitasa, ita polisi na kaunsili siku hiyohiyo.

> Nami niongeze kwenye jibu hilo: mnaokaa chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba, mkitumia jiko moja naye, haya hayawahusu. Wengi wetu tuko hivyo. Yeye anaweza kukutoa bila mahakama, mradi akupe notisi ya muda wa kutosha.