Mjadala: Mwanasiasa akija kanisani, apewe kipaza sauti au akae kwenye benchi?

Mwana wa Parokia: Ndugu zangu katika Kristo, tulizungumze hili. Novemba 2024 Rais Ruto alitoa mchango parokia ya Soweto, Nairobi, sehemu yake ikiwa ya kujenga nyumba ya padre, na Askofu Mkuu Anyolo akaagiza pesa zirudishwe. Wengine walishangilia, wengine wakalalamika kwamba padre amenyimwa nyumba. Je, mwanasiasa aruhusiwe kuhutubia na kuchanga mbele ya waumini? Mimi nasema la. Mheshimiwa akishasimama pale mbele, macho yote ni kwake na altare imesahaulika.

Baba Kayole: La, kabisa. Si zilikuwa milioni tano na ushei, na nusu zikawa za kwaya? Hizo kwaya ndizo zimeharibu ibada. Kila Pasaka sare mpya, kila misa ni tamasha.

Katekista Mstaafu: Wenzetu wa ACK, yaani Waanglikana wa Kenya, walishalimaliza hili. Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Ole Sapit alisema kila mtu anakaribishwa kwenye viti, lakini mimbari ni ya wachungaji. Tufuate njia hiyo. Mwanasiasa naye ana roho ya kuokolewa, aje asali.

Sauti ya Pili: Baba Kayole, nakuheshimu, ila hapo umenichoma. Hesabu kwanza: zilizotolewa ni milioni 2.6, nyingine milioni 3 zikaahidiwa. Laki sita tu ndizo za kwaya, tena za kugawana na wengine. Nusu umeitoa wapi? Sisi tunatoka kazini tumechoka, tunafanya mazoezi hadi usiku, nauli ni ya mfukoni. Unaimba zaburi huku unawaza mtoto umemwacha na nani. Halafu mtu aliyefika wakati wa Injili anatuita tamasha!

Baba Kayole: Sijawahi kuchelewa misa, dada. Ninachosema nimekiona. Padre ameshamega mkate, amesimama anasubiri, na kwaya bado inarudia kiitikio cha Mwanakondoo kwa sababu kuna mwenzao anarekodi na simu. Huyo anaimbiwa nani? Soma Amosi 5, Mungu anakataa nyimbo waziwazi.

Sauti ya Pili: Nimeisoma, na sikuishia aya ya 23. Aya ya 24 inadai hukumu itiririke kama maji. Amosi aliwakemea waliowakanyaga maskini kisha wakaja kuimba. Na ukitaka maandiko, Zaburi 150 ina matari na kucheza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulikubali muziki wa kila taifa tangu 1963, leo unatuonea kayamba?

Kijana wa Misa ya Pili: Hajasema kayamba, amesema simu. Hilo la simu ni kweli, mtuvumilie tukiwaambia.

Sauti ya Pili: La simu nakubali. La sare na tamasha, hapana.

Mlutheri wa Moshi: Habari za huko, majirani. Nimewasoma tangu juu. Kwetu KKKT, Kanisa la Kilutheri la Tanzania, tuna mnada baada ya ibada: mama hana fedha, analeta mkungu wa ndizi, mayai au kuku, na waumini wananunua. Naupenda sana, maana asiye na kitu naye anatoa. Lakini akitokea mwenye mapesa, mkungu unapanda bei hadi inakuwa mashindano, na mama aliyeuleta hakuna anayemkumbuka.

Mwana wa Parokia: Tukirudi kwenye wanasiasa, jamani...

Mama wa Jumuiya: Wanasiasa wanakuja mara moja moja. Majina ya waliochanga yanasomwa kila mara! Fulani elfu kumi, makofi. Fulani elfu tano, makofi. Yule mjane wa Marko 12 aliyetoa senti zake mbili angekuwa kwetu angesomwa mwisho, au angeunganishwa kwenye "na wengineo". Bwana alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, sisi tunautangazia mtaa mzima.

Mweka Hazina: Mama, usiyaseme usiyoyabeba. Paa linavuja, na bila kusoma majina michango inashuka. Tena wanaolalamika ndio wasiotoa.

Mama wa Jumuiya: Umenijuaje kama sitoi? Mama yangu alichanga kwa kuuza sukuma wiki. Jina lake liliposomwa watu walishasimama kwenda zao, na alilisubiri. Nilimwona uso. Tangu siku hiyo natoa bahasha isiyo na jina, na bado unanihesabu katika wasiotoa.

Mweka Hazina: Pole, dada. Sikukusudia wewe. Lakini lile paa?

Mama wa Jumuiya: Soma jumla. Useme jumuiya zote zimeleta kiasi gani na bado kiasi gani, basi. Mimi nitazunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya paa lako.

Katekista Mstaafu: Naunga mkono. Lipelekwe kwenye baraza la parokia.

Baba Kayole: Naunga mkono pia. Na la simu kwenye kwaya liandikwe humo humo.