Breki za diski au za ringi kwa safari ya Arusha mpaka Lushoto?

chalii_wa_sakina: Wakuu habari za mchana. Mwezi wa 9 nataka ninyonge kutoka Arusha mpaka Lushoto, napita Moshi, Same, Mombo, nalala njiani, keria ya nyuma ina kama kilo 20 hivi, hema, jiko, maji. Sasa nimeona baiskeli mbili za mtumba bei zinakaribiana, moja fremu ya chuma ina V-breki hizi za kubana ringi, nyingine alumini ina diski za mafuta, zile zinazosukumwa na mafuta badala ya waya. Roho inapenda ya diski ila mshkaji ananiambia ikizingua huko Same nitaisukuma mpaka nyumbani. Nibebe ipi?

Mangi_Keria: Beba diski dogo usijiulize mara mbili. Nilishuka Marangu na V-breki, mkungu wa ndizi nyuma, mvua imenyesha, unabana mpaka vidole vinauma baiskeli haina habari na wewe. Siku nyingine pakavu kabisa nikabana mfululizo toka juu, ringi ikapata moto, tyubu ikapasuka PAA watu wakatoka madukani. Tangu hapo sitaki kuzisikia.

fundi_spoku: Mangi kwa heshima zote, hapo kosa ni kubana mfululizo. Unabana unaachia, ringi ipoe, na hata diski ukiilalia inaungua vile vile. Diski za mafuta zikija hapa kazi inaanza na kutafuta mafuta yenyewe maana zingine zinataka mineroli zingine DOT, ni aina mbili tofauti za mafuta ya breki, ukichanganya sili, zile raba za ndani za kuzuia mafuta, zinavimba umekwisha. Pedi nazo kila modeli na umbo lake. Raba za V-breki na waya utazipata hata Mwanga. Halafu siku umechoka umepakia kwenye buti la basi, konda akatupia gunia juu yake, rota, ile sahani inayobanwa na pedi, imepinda, utasikia shii shii shii mpaka ufike.
Ila hiyo ya V-breki kabla hujalipa pitisha kucha kwenye ringi, ikiwa na bonde imeshaliwa. Vumbi letu hili ni msasa.

dada_machame: Jamani mbona hamtaji diski za WAYA? Mimi ndo ninazo, rota milimita 160, waya ni huu huu wa dukani, pedi natembea na pea mbili hazizidi kiberiti. Shida ilikuwa keria, mguu wake ulikuwa unagonga kalipa, kile kibano kinachoshika pedi, ikabidi iwekewe spesa ya kuisogeza nje. Na usichukue ya V-breki ukisema utabadilisha baadaye, fremu na foku visipokuwa na sehemu ya kufunga kalipa ndo imetoka hiyo.

chalii_wa_sakina: Asante dada, diski za waya sijaziona kwa huyu jamaa. Nimerudi kwake jioni nimepitisha kucha, ringi ya mbele poa, ya nyuma ina bonde unaweza ukanywea chai 😂 namwambia ashushe bei ananiambia ndo dizaini yake. Fundi, ya chuma imenikaa moyoni, ukinifungia ringi mpya ya nyuma na spoku hizo hizo si itawezekana?

fundi_spoku: Ashushe kwanza. Halafu lete gurudumu nihesabu matundu ya spoku.