Tupeane uzoefu: kufunga rili ya animesheni kwenye muziki

MchoraUsiku
Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wa wanaohuisha katuni, za kuchora na za 3D, ambao klipu zao zimekwisha na sasa wanataka rili (video fupi ya kazi zako bora, ya kuonyesha studio) iende na muziki bila kuonekana imebandikwa. Weka namba, hatua na kinachoharibika. Ushauri wa "fuata hisia zako" tuupumzishe leo.

Naanza na hesabu maana wengi wanairuka. Mradi ukiwa wa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, chukua 1440 ugawe kwa kasi ya wimbo (mapigo kwa dakika). Jibu ni idadi ya fremu kutoka pigo hadi pigo. Kasi ya 120 inatoa fremu 12 kamili, 96 inatoa 15, 90 inatoa 16, 80 inatoa 18. Hizo hazikusumbui. Amapiano ya 112 inatoa 12.86, na hapo ndipo watu wanapoteleza: unakadiria 13, unajumlisha 13 juu ya 13, ukifika pigo la 32 umechelewa fremu nne na nusu. Ni kama sekunde 0.2 tu, lakini mtazamaji anahisi kitu kimelegea.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, piga hesabu ya kila pigo kuanzia mwanzo wa wimbo na ukadirie mwishoni, si njiani. Ya pili, punguza kasi ya wimbo kutoka 112 hadi 110.77 kwa programu isiyoifanya sauti kuwa nzito. Ni pungufu ya asilimia 1 na ushee, sikio halishtuki, na kila pigo linakaa fremu 13 kamili.

Kisigino_Chini
Hesabu safi mkuu. Ila nani kasema mkato (pale klipu moja inapoishia na nyingine kuanza) ndio ukae kwenye pigo? Rili inayokatwa kila pigo inaishia kufanana na slaidi za picha za harusi.

Klipu ya animesheni ina pigo lake ndani: kisigino kinapogusa ardhi, ngumi inapofika, kope inapofunguka. Fremu hiyo ndiyo ipelekwe kwenye pigo la wimbo, mkato uangukie utakapoangukia. Kwa hiyo kabla hujagusa muziki, fungua kila klipu, tembea fremu moja moja, andika kwenye jedwali: urefu, fremu ya mgongano, na wewe ulifanya nini humo (umbo, mifupa ya kumchezesha mhusika, uhuishaji au vyote).

Mfano, tukihesabu kuanzia sifuri. Mhusika anatua fremu ya 41 ya klipu. Wimbo ni wa kasi 120, na pigo zito liko fremu ya 288 ya mstari wa muda (timeline) wa programu ya kuhariri. 288 toa 41 ni 247, basi klipu ianzie hapo. Je, klipu iliyotangulia inaishia 252? Usiisogeze hii. Kata fremu zake 5 za mwanzo, mguu bado utagusa ardhi pale pale 288.

Pengo likibaki upande wa pili, shikilia pozi la mwisho fremu 6 au 8 zaidi. Kosa baya ni kunyosha au kubana klipu nzima kwa asilimia 10 ili "ifike". Uzito wa mhusika uko kwenye nafasi ulizopanga kati ya pozi na pozi. Ukizinyosha, mwili unaelea kama puto, na mtu wa studio anaona kabla hujamaliza kupumua.

SautiMbele
Naongezea hapo kwenye mgongano: picha itangulie, sauti ifuate. Pendekezo la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) namba BT.1359 linaonyesha kwamba sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi mtu anagundua, lakini ikichelewa anavumilia hadi kama 125. Tumezoea: fundi akigonga bati ng'ambo ya uwanja, nyundo unaiona kwanza. Kwenye mradi wa fremu 24 kwa sekunde, fremu moja ni karibu milisekunde 42. Kwa hiyo weka fremu ya mgongano juu ya pigo au fremu moja hadi mbili kabla. Baada ya pigo, kamwe.

Na kabla hujalaumu mkono wako, kagua faili. MP3 huongezewa ukimya kidogo mwanzoni wakati wa kubanwa, na programu nyingine husoma vibaya MP3 ambazo ubanaji wake unapanda na kushuka. Igeuze kuwa WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya 48 kHz kwanza, ndipo uweke alama. Wanaotumia Blender (programu ya 3D), hakikisheni uchezaji uko kwenye "Sync to Audio". Ukiuacha ucheze kila fremu, kompyuta ikielemewa picha inabaki nyuma ya wimbo, nawe unakaa saa nzima kurekebisha kosa ambalo halipo.

mgeni_wa_biti
Na singeli je? Nikiweka ya 240 napata fremu 6 kwa pigo. Nikate kila pigo?

Kisigino_Chini
Usithubutu ndugu yangu. Fremu 6 ni robo sekunde, hakuna kazi inayoonekana hapo. Hesabu pigo la nne tu: fremu 24, sekunde moja. Klipu ya mwendo wa mwili ipe sekunde 2 hadi 4, ya uigizaji wa uso hadi 8, kasi ya ngoma iache iende zake chini. Chakacha nayo mapigo yake yanakwenda matatu-matatu, kwa hiyo ukitafuta nne utapotea. Shika lile zito la kwanza katika kila sita.

Kata_Mbili
Mimi nitawapinga kidogo. Panga rili yote bila muziki kwanza. Wengi wanaopokea rili studio huzitazama sauti ikiwa imezimwa, tena nyingi kwa mkupuo. Ikisimama ikiwa bubu, muziki utaipandisha. Ikiwa muziki ndio umeibeba, ikizimwa sauti inalala.

Mpangilio: klipu bora kabisa iwe ya kwanza, ya pili kwa ubora iwe ya mwisho, dhaifu toa nje hata kama ilikutesa miezi. Urefu sekunde 60 hadi 90, mwanafunzi hata 45 inatosha. Jina na fani sekunde 2 au 3 mwanzoni, mwishoni jina na anwani sekunde 5 ili mtu awahi kunakili.

Ndipo ukate wimbo kuufuata mpangilio. Kwa kasi 120, mapigo manne ni sekunde 2, na nyimbo nyingi hugeuka kila baada ya mafungu manane ya namna hiyo, yaani sekunde 16. Mafungu 32 ni sekunde 64, rili imetimia. Unganisha mwanzo wa fungu kwa mwanzo wa fungu, na uchanganye sauti kwa fremu 1 au 2 ili kusiwe na mlio wa "tak". Mwisho usiufifishe polepole: rukia kimalizio halisi cha wimbo, acha mwangwi wake uishe juu ya jina lako. Klipu yenye mazungumzo ipeleke kwenye sehemu tulivu, shusha muziki kama desibeli 12, na biti iwe haina mwimbaji.

MchoraUsiku
Nimekubali hoja ya bubu. Tuongelee na fremu zilizochanganyika. Klipu ya fremu 25 kwa sekunde iambie programu iisome kama ya 24: inarefuka asilimia 4, hakuna fremu inayotupwa. Fremu ya mgongano itakuwa na namba ile ile. Klipu ya 30 haitibiki hivyo, itapoa kwa moja ya tano. Rudi kwenye faili la asili uitoe upya. Michoro ya kushikilia fremu mbili mbili (12 kwa sekunde) ukiiingiza kwenye mradi wa 30, kila mchoro unadai fremu 2.5, basi unapata mbili, tatu, mbili, tatu. Mwendo unachechemea. Kwenye DaVinci Resolve (programu ya kuhariri video) weka fremu za mradi kabla ya kuingiza chochote, zikishafungwa zimefungwa.

WimboHalali
Hakimiliki hamjaigusa. Muziki wa leseni ya Creative Commons (ruhusa ya wazi ya kutumia kazi ya mtu kwa masharti) yenye alama ya ND usiuweke kwenye rili, hata bure. Kuufunga wimbo na picha zinazotembea kunahesabiwa kuwa ni kutengeneza kazi mpya kutokana nao, na ND inakataza hilo. Yenye alama ya BY pekee inatosha, mradi umtaje mtunzi mwishoni. Wimbo wa kawaida unataka ruhusa mbili: ya utunzi na ya rekodi. Msanii kukubali kwa simu hakutoshi kama rekodi ni mali ya mtu mwingine.

mgeni_wa_biti
Na kutoa faili la mwisho?

SautiMbele
Faili la MP4, picha ibanwe kwa H.264, 1920 kwa 1080, fremu 24, megabiti 10 hadi 16 kwa sekunde, sauti ibanwe kwa AAC, 48 kHz. Ukali wa sauti lenga -14 kwa kipimo cha LUFS, maana YouTube huteremsha inayozidi hapo. Kama unatumia Resolve ya bure kwenye Linux, haitoi H.264 wala AAC: toa DNxHR (video isiyobanwa sana) yenye sauti ya PCM (isiyobanwa), kisha igeuze kwa HandBrake, programu ya kubadili faili za video.